Msuguano kwanza, skurubu baadaye: kusawazisha aksheni ya piano ya kusimama huku kwetu pwani

Juzi usiku, masika imeshika kweli kweli, kijana mmoja kanipigia simu kutoka Chake Chake. "Shikamoo, maalim." "Marahaba, mwanangu. Mbona saa hizi?" Akanieleza: amepewa piano ya kusimama aitengeneze, noti kumi na mbili ukizibonyeza hazirudi. Tangu alasiri anakaza na kulegeza skurubu za kuachia nyundo, na sasa hata zile zilizokuwa nzima zimeanza kugoma. Nilicheka, lakini si kwa kumdharau. Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, tena kwenye piano nzima, siku tatu. Tulikaa kwenye simu mpaka saa sita, na haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Tuelewane kwanza: hapa sizungumzii kutyuni. Kutyuni ni mambo ya nyuzi. Mimi nasema mashine iliyo baina ya kidole na uzi, ambayo mafundi tunaiita aksheni: kibao unachobonyeza, wipeni inayoinuliwa na kibao, jeki inayosimama juu ya wipeni na kuisukuma nyundo, kisha nyundo yenyewe na dampa ya kunyamazisha uzi. Noti ziko 88, na kila moja ina mashine yake. Alichokibuni Bartolomeo Cristofori kule Italia mnamo 1700 hivi ni hiki: jeki iisukume nyundo, kisha iiepuke kabla nyundo haijagusa uzi, ili nyundo iruke peke yake, ipige na kurudi. Jeki isipoepuka, nyundo inagandamia kwenye uzi na sauti inakufa papo hapo.

Vifaa

Bisibisi ndefu yenye ncha nzuri, tochi ya kichwani, koleo la kubana bushi za vibao (bushi ni kitambaa kinachovikwa ndani ya shimo la pini), kitoa pini, rula ya chuma, na kipima unyevu. Hicho cha mwisho wengi hawanacho, nami simwiti mtu fundi wa piano hapa visiwani kama hana. Kupima kina cha vibao natumia kijiti cha mpingo nilichokichonga mwenyewe, unene milimita 10. Zipo geji za kidijitali za bei mbaya. Nilinunua moja, ikafa kwa kutu ya hewa ya bahari. Kijiti cha mpingo hakina betri.

Hatua ya 1: fungua, toa, safisha

Vua mbao za mbele, fungua nati zinazoshika mabano ya aksheni, ivute kwako, inyanyue. Isimamishe mahali ambapo haitaanguka. Vibao vyote vina namba, kuanzia 1 upande wa kushoto. Hakikisha zinasomeka kabla ya kuvitoa, kisha nyonya vumbi. Usipulize.

Hatua ya 2: kaza skurubu za flanji

Flanji ni kile kibawaba kidogo cha mti ambacho nyundo au wipeni inaning'inia. Kaza mpaka ishike, basi. Mti uliovimba kwa unyevu ukiukaza kwa nguvu za mabega unajiponda wenyewe, na kaskazi ikija skurubu inacheza.

Hatua ya 3: ondoa msuguano

Hapa ndipo zilipopotea zile siku zangu tatu, kwa hiyo nivumilie.

Noti isiyorudi ina washukiwa watatu: kibao, wipeni au nyundo. Usiguse skurubu yoyote ya marekebisho mpaka umjue mkosaji. Rudisha vibao na aksheni ndani ya piano, kisha isukume nyundo kwa kidole mpaka karibu na uzi, kisha iachie. Ikirudi kwa uvivu, ugonjwa uko kwenye flanji ya nyundo. Ikirudi upesi, bonyeza kibao na ukiachie. Kikibaki chini, toa aksheni, ujaribu kibao peke yake: kikiendelea kunata, mkosaji ni kibao, kikiwa huru, ni wipeni.

Kibao ndicho chepesi kutibu. Kina mashimo mawili yaliyovikwa kitambaa cha sufi ya kondoo, moja mbele na moja katikati, na kila shimo linapita kwenye pini ya chuma. Sufi ikinywa unyevu inavimba na kuibana pini. Ibane kidogo kwa koleo lake, kidogo kweli, kisha jaribu: kibao kicheze upande kwa upande kiasi cha kuhisi tu, na ukikinyanyua kwenye pini ya kati kishuke chenyewe polepole. Usilipanue shimo la mti kwa tupa. Na usizungushe zile pini za mbele zenye umbo la yai ili kuziba ulegevu. Nimezikuta zimezungushwa kwenye piano nyingi, na pini iliyokaa upande huikata sufi kama kisu.

Nyundo na wipeni ndiyo shughuli. Ndani ya flanji mna pini nyembamba ya shaba iliyochovywa madini meupe. Imekaza kwenye mti wa nyundo, lakini inazunguka ndani ya bushi mbili za sufi nyekundu za flanji. Sasa sikiliza: nyundo ya piano ya kusimama ina springi ya kuirudisha, na springi hiyo inaficha msuguano. Noti inaweza kuonekana nzima asubuhi, ikanata jioni. Kwa hiyo usiiamini nyundo ikiwa mahali pake. Ifungue pamoja na flanji yake, shika flanji, acha nyundo ining'inie na ibembee. Mimi nataka ibembee mara tano hivi kabla ya kusimama. Ikibembea mara moja ikasimama, imekaza. Ikibembea kama pembea ya skukuu, imelegea, na siku moja itaanza kugonga kwa upande.

Umegundua imekaza. Usikimbilie dawa. Angalia kipima unyevu. Piano inapenda unyevu wa asilimia 40 hadi 50, na hapa masika asilimia 80 si habari ya kushangaza. Ukitibu bushi iliyovimba kwa mvua, hali ya hewa ikikauka utakuwa na flanji legevu 88. Ndilo kosa langu jingine: nilifanya kazi yote mwezi wa Aprili, nikarudi Januari nikakuta nyundo zinacheza kama meno ya mzee. Kwa hiyo aksheni ikae kwanza chumba kikavu, chenye mashine ya kunyonya unyevu au angalau kiyoyozi, siku mbili kamili. Halafu pima tena. Katika zile noti kumi na mbili za Chake, saba zilipona kwa kukauka tu.

Mafundi wa zamani walikuwa wakiweka balbu ndani ya piano. Mimi siweki, naogopa moto. Naweka fimbo ya joto iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, chini ya vibao au chini kabisa ya piano. Lakini fimbo inataka umeme. Wa Unguja tunaikumbuka ile Disemba 2009, kebo ya baharini ilipoharibika tukakaa bila umeme wa gridi mpaka Machi 2010. Piano mbili nilizokuwa nikizitunza zilirudi kunata zote. Mwenye piano umwambie mapema: umeme ukikatika siku nyingi, afunue kifuniko cha juu mchana hewa inapokuwa kavu, na usiku akifunge.

Zilizobaki kukaza baada ya kukauka ndizo wagonjwa wa kweli. Kwanza jaribu mchanganyiko wa maji sehemu moja na spiriti sehemu tatu, tone moja kila bushi kwa sindano nyembamba. Maji yanaivimbisha sufi ikiibana pini, spiriti inasaidia kukausha, na ikikauka sufi inabaki imesinyaa kidogo, pini inapata nafasi. Iache siku nzima kabla ya kuhukumu. Ukiijaribu baada ya saa moja itakudanganya. Spiriti iwe safi. Ile ya kuchulia inayouzwa duka la dawa mara nyingi ina mafuta ya mbarika, soma kibandiko. Na usidondoshe kwenye vanishi, inayeyuka.

Mafuta ya cherehani, mafuta ya kupuliza ya bawaba za milango, mafuta ya nazi (ndiyo, nimeyakuta), yote hayo hapana. Noti inapona wiki moja, mwenyewe anakusifu, kisha sufi inavimba, inakamata vumbi, na hakuna tena dawa zaidi ya kung'oa bushi. Nasema hivi kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi niliyatia mwenyewe.

Ukiona rangi ya kijani kuzunguka pini, hiyo ni kutu ya shaba na hakuna tone litakaloiponya. Toa pini, toa na bushi, weka mpya. Pale bushi ilipo nzima ila inabana, pitisha rima nyembamba (kijichuma cha kupanulia tundu), kisha rudisha pini ya namba ile ile. Msishawishike kuweka pini nyembamba zaidi: ndani ya sufi itazunguka vizuri, lakini ndani ya mti itacheza na kutembea mpaka itoke pembeni. Namba 20 ni milimita 1.27, na kila nusu namba inaongeza karibu milimita 0.025. Tofauti hiyo jicho haliioni, kidole kinaiona.

Hatua ya 4 hadi ya 7: sasa ndiyo skurubu

Msuguano ukiisha, yaliyobaki ni kazi ya asubuhi moja, ila ufuate mpango.

Sawazisha kwanza kimo cha vibao kwa karatasi ndogo chini ya pini za kati. Umbali wa nyundo hadi uzi uwe milimita 45 hivi. Kisha nenda kwenye skurubu iliyo nyuma ya kibao: inyanyue mpaka jeki ifike chini ya nyundo bila pengo. Ukibonyeza kibao polepole, nyundo ianze kwenda pale pale. Usizidishe, kwani jeki isipopata nafasi ya kurudi chini ya nyundo, noti haitarudia, na wewe utadhani ni msuguano tena.

Kuachia: bonyeza polepole sana, nyundo iachiwe ikiwa milimita 3 kutoka kwenye uzi. Vitabu vinaruhusu 2 kwa noti nyembamba. Huku kwetu siruhusu: mti ukivimba ile moja inaliwa, nyundo inagandamia uzi. Kina cha kibao ni hicho kijiti cha mpingo, milimita 10. Kikamata nyundo kiishike, ikirudi, kama milimita 15 kutoka kwenye uzi.

Ukirekebisha kimo cha vibao baada ya haya, unaanza upya. Ndicho kilichomkuta kijana wangu.

Hatua ya 8: dampa na tepe

Dampa ianze kuinuka nyundo ikiwa nusu ya safari. Kijiko kinachoisukuma kiko nyuma, hakionekani, na kukipinda ni kazi ya kubahatisha; pinda, rudisha, tazama, rudia. Tepe ndogo za kitambaa zinazoivuta nyundo ziangalie moja moja. Zilizooza zibadilishe zote, si tatu.

Mwisho chukua penseli, andika ubavuni mwa kibao namba 1: tarehe, na unyevu uliousoma siku hiyo. Kijana wa Chake alipovuta chake alikuta fundi mwingine ameandika mwezi wa Mei, bila unyevu. Akaniuliza, "Maalim, sasa nitajuaje alichokikuta?" Nikamwambia vuta noti moja, ibembeze, uhesabu.