Namna ya Kuboresha Mawasiliano ya Kikosi katika Michezo ya Kielektroniki ya Mashindano

Katika Counter-Strike 2, mchezo wa kufyatuliana risasi ambao kikosi kimoja hutega bomu na kingine hulitegua, bomu likishategwa hulipuka baada ya sekunde 40, na kulitegua huchukua sekunde 10, au 5 kwa mwenye vifaa vya kutegulia. Wachezaji watano wakizungumza kwa pamoja ndani ya muda huo, anayeumia zaidi ni yule aliyebaki hai, anayelinyemelea bomu huku akitega sikio asikie nyayo za adui. Ndiyo maana naamini kwamba kikosi kinachotaka kuwasiliana vizuri kianze kwa kupunguza maneno.

Anzeni na majina ya mahali. Ingieni kwenye ramani bila wapinzani, mzunguke pamoja, na kila kona, ngazi na kasha lipewe jina moja fupi ambalo halifanani kwa sauti na jina lingine. Jina likishakubaliwa, asitokee wa kutumia lake mwenyewe, hata kama anaona ni bora.

Kisha kubalianeni juu ya mpangilio wa taarifa: mahali kwanza, halafu idadi, halafu hali ya adui. Mahali hutangulia kwa sababu mwenzako huanza kugeuza silaha yake kabla hujamaliza sentensi. Linganisha "Yupo hapa, yupo hapa, nimempiga sana!" na "Ngazini, wawili, mmoja ana jeraha." Kauli ya kwanza inaeleza hofu ya msemaji tu, lakini ya pili inamwezesha mwenzake kuamua kama asubiri au asonge mbele. Katika VALORANT, mchezo mwingine wa kufyatuliana risasi, ripoti ya mapambano humwonyesha aliyeuawa kiasi cha madhara aliyomfanyia adui. Ataje namba hiyo mara moja, kisha anyamaze.

Kunyamaza huko ndiko kunakovishinda vikosi vingi, kwa kuwa aliyekufa mchezoni hubaki akiwatazama wenzake, huona mengi na hutamani kumwongoza aliye hai. Wekeni kanuni kwamba anapobaki mchezaji mmoja, wengine wazungumze tu akiwauliza, au wanapokuwa na jambo la hakika asilolijua. Lawama nazo zisubiri: swali la kwa nini mtu hakurusha guruneti la moshi halina faida yoyote wakati raundi bado inaendelea.

Uamuzi wa katikati ya raundi uwe wa nahodha, na akishaamua wote wafuate, hata wasiokubaliana naye, maana mpango wa wastani unaofuatwa na watano hushinda mpango mzuri unaofuatwa na wawili. Msizoee kumtegemea kocha mazoezini: mwaka 2016 Valve, kampuni inayotengeneza Counter-Strike, iliweka kanuni katika mashindano yake kwamba kocha azungumze na wachezaji wakati wa kupasha moto, mapumziko ya nusu mchezo na mapumziko mafupi ya kimbinu tu.

Taarifa za muda ziandikwe badala ya kusemwa. Katika League of Legends, mchezo wa vita vya vikosi viwili, Flash, yaani uwezo wa kuruka ghafla umbali mfupi, hurudi baada ya sekunde 300 ikiwa hakuna kitu kinachoiharakisha, kwa hiyo adui akiitumia dakika ya 12:10, aliyeona aandike 17:10 kwenye gumzo la kikosi, na asitosheke na kusema kwamba imetumika.

Hatimaye, rekodini sauti zenu pamoja na mchezo, kwa ridhaa ya kila mmoja. Chagueni raundi mliyoshindwa, msikilize sauti peke yake bila kutazama picha, na kila mtu aandike anadhani adui walikuwa wapi na mpango ulikuwa upi. Kisha tazameni picha. Pale ambapo maandishi yanatofautiana na picha, ndipo taarifa ilipokosekana au ilipozikwa na nyingine. Chagueni kosa moja tu la kurekebisha katika mazoezi yanayofuata, na mwachieni msemaji mwenyewe nafasi ya kulitaja kabla wengine hawajalitaja.