Kukagua leseni kwenye wingu bila kumfuatilia mteja

Wiki iliyopita nilikaa na kijana anayeuza programu ya maduka ya dawa hapa Nairobi. Kila programu inapofunguliwa, huiuliza seva iliyo kwenye wingu kama leseni bado hai. Tulipolifungua ombi lenyewe, tukakuta limebeba namba ya simu ya mwenye duka na jina la kompyuta yake. Mwenye duka alilipia programu ya kuhesabu dawa. Hakukubali kuchunguliwa kila asubuhi.

1. Orodhesha kila kinachotumwa, kisha ondoa kisichosaidia kujibu swali moja: leseni hii imelipiwa? Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka hivyohivyo.

2. Usijifiche nyuma ya heshi, yaani msimbo unaotokana na data na usioweza kurudishwa moja kwa moja. Namba ya simu ile kijana alikuwa ameipitisha kwenye SHA-256, njia maarufu ya kutengeneza heshi, akaamini ameificha, na mimi niliwahi kuamini hivyo kwa miaka. Hebu hesabu. Namba za simu za mkononi za Kenya huanza na 07 au 01, kisha tarakimu 8. Hazizidi milioni 200. Laptopu ya kawaida inazijaribu zote kwa dakika chache, na orodha yako nzima iko wazi. Kuchanganya neno la siri kabla ya heshi kunasaidia, mradi neno hilo lisikae kwenye seva ileile, na kwa wengi wetu linakaa papo hapo. Anwani ya MAC, namba ya kifaa cha mtandao cha kompyuta, nayo haifai: biti 24 za mwanzo ni za mtengenezaji, kwa hiyo kwa kila kundi la mtengenezaji zinabaki namba milioni 16 na ushei tu. Badala yake, namba ya leseni iwe namba ya nasibu ya biti 128 isiyotokana na chochote cha mteja. Risiti ya M-Pesa ibaki kwenye vitabu vya malipo, usiiunganishe na namba hiyo.

3. Saini faili ya leseni kwa Ed25519, mfumo wa saini za kidijitali; ufunguo wa umma, ule wa kuhakiki saini, uwe ndani ya programu. Saini ni baiti 64, leseni nzima inaenea kwenye SMS moja. RSA, mfumo wa zamani zaidi wa saini, nimeiacha kabisa.

4. Usiweke namba ya leseni kwenye URL, yaani anwani ya ombi. Nginx, programu ya seva ya wavuti, huandika kwenye logi (kumbukumbu zake) mstari wote wa ombi pamoja na anwani ya IP bila kuambiwa. Tumia POST, inayobeba data ndani ya ombi badala ya kwenye anwani, na zima logi ya njia hiyo. Logi za zamani tulizikuta zimejaa heshi za namba za simu. Tulizifuta siku ileile, nakala za akiba zikiwemo.