Yoga ya kiti kwa mzee ambaye majonzi yamekataa kuisha

Nafundisha yoga ya kiti, yaani mazoezi ya pumzi na viungo mtu akiwa ameketi, katika ukumbi wa kanisa huku Eastlands, Nairobi, na wengi wanaokuja ni wajane wenye umri wa miaka 70 kwenda juu. Majuzi kijana mmoja wa mtaa wa Umoja aliniomba nimwelekeze jinsi ya kumsaidia mamake nyumbani. Haya ndiyo niliyomwambia.

Hatua ya 1: Jua unachokabiliana nacho

Kulia miezi ya kwanza si ugonjwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inazungumzia majonzi ya muda mrefu pale ambapo miezi 6 au zaidi imepita, mtu bado anamtamani marehemu au kumwaza bila kupumzika, maisha yamekwama, na hali hiyo imepita kiasi ambacho mila za kwao zinatarajia. Tiba yake kuu ni ushauri nasaha unaolenga msiba wenyewe. Yoga ni msaidizi wa tiba hiyo. Mzee akisema anataka kumfuata marehemu, acha yoga, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Kiti

Cha mbao, kisicho na mikono, mgongo wake ukutani. Vile vya plastiki vya kukodisha matangani sivitaki kabisa: miguu yake hutanuka na kuteleza kwenye vigae. Nyayo za mzee zikining'inia, ziwekee leso (kanga) iliyokunjwa mara kadhaa.

Hatua ya 3: Pumzi

Avute kwa pua mkihesabu hadi 3, atoe mkihesabu hadi 5. Asizuie pumzi. Ikiwa anahofia kwamba yoga ni ibada ya watu wengine, usibishane naye. Atoe pumzi kwa mstari wa Zaburi anaoupenda.

Hatua ya 4: Viungo

Mabega, vifundo vya miguu, mikono juu na chini. Mwenye mifupa iliyodhoofika asikunje mgongo kufuata vidole vya miguu. Mwenye ugonjwa wa macho wa glakoma asiinamishe kichwa chini. Anayemeza dawa za presha asimame polepole, ameshika kiti.

Hatua ya 5: Mapumziko

Hapa ndipo nilipohangaika kuliko kwingine kote, na hapa ndipo wafiwa wengi hukatia tamaa. Video nyingi humalizia kwa kumlaza mtu chali, miguu imenyooka, mikono kando, macho yamefumbwa. Fikiria mama aliyemtazama mumewe kwenye jeneza akiwa amelazwa vivyo hivyo. Nimemwona mmoja akishtuka, akajifunika uso kwa leso, akatoka nje bila viatu. Kwa hiyo, kwa mfiwa, mimi simlazi chali. Abaki kitini, au alale ubavu akiwa na mto katikati ya magoti. Macho yawe wazi, yatulie kwenye kitu kimoja: dirisha, kikombe, maua ya pazia. Mkono mmoja uwe tumboni. Dakika 2 zinatosha mwanzoni, maana kimya kirefu humrudisha wodini au kaburini kabla hajawa na nguvu za kurudi.

Machozi yatakuja, na mara nyingi ni hapa hasa. Usimwambie "nyamaza, mama", wala "Mungu ndiye aliyempenda zaidi". Kaa karibu, umpe kitambaa. Lakini kuna tofauti kati ya kulia na kuzama. Anayelia bado anakusikia. Anayezama pumzi yake hukatika juu kifuani, macho hayakuoni, na mikono hutetemeka. Huyo usimhimize apumue kwa kina, kwani anaweza kupata kizunguzungu. Mwambie akanyage sakafu kwa nguvu, ashike ukingo wa kiti, akutajie vitu anavyoviona chumbani. Akitulia, funga kipindi. Ikitokea hivyo kila mara, yoga isubiri mpaka amwone mshauri.

Pia usicheze nyimbo za kuabudu wakati huu bila kumuuliza. Huenda ndizo zilizoimbwa kwenye mazishi.

Hatua ya 6: Baada ya hapo

Chai, na mtu wa kuinywa naye. Fanyeni mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, saa ileile, asubuhi ikiwezekana. Julai subiri jua litoke kidogo, maana baridi hukaza viungo. Wiki ya kumbukumbu ya kifo usimletee zoezi jipya hata moja: fanyeni hatua ya 3 pekee, na akikataa, kaa naye tu.