Xfwm4: panga kompozita kabla ya kuizima

Natunza maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari. Mashine zetu ni mitumba, nyingi zina RAM ya gigabaiti 2 au 4, na zote zinatumia Xfce, mazingira mepesi ya eneo-kazi ya Linux. Wanafunzi hunijia na ushauri uleule: zima kompozita, mashine itakimbia. Mimi siukubali kirahisi, kwa sababu kinachofuata ni video inayopasuka kwa mstari wa kulala, kichwa cha mtu upande huu, kiwiliwili upande ule.

Xfwm4, programu ya madirisha ya Xfce, ina kazi mbili. Ya kwanza ni kusimamia madirisha: fremu, vitufe, lipi liko juu ya lipi. Ya pili ni ya kompozita iliyo ndani yake, inayokusanya picha za madirisha yote pembeni na kuzituma kwenye skrini zikiwa zimekamilika. Tangu Xfce 4.14, iliyotoka Agosti 2019, kompozita hiyo inajua kusubiri zamu ya skrini kabla ya kubadilisha picha. Hapo ndipo mpasuko unapoisha.

Fungua Settings, kisha Window Manager Tweaks, kichupo cha Compositor. Washa Enable display compositing, halafu toa alama kwenye vivuli vyote, na vitelezi vya uwazi vyote uvisukume hadi Opaque. Vivuli na uwazi ni mapambo, na kwenye mashine dhaifu hayo ndiyo ya kutoa kwanza.

Sasa angalia nani anachora. Sakinisha mesa-utils (jina hilo ni la Debian na Ubuntu), uandike kwenye terminali:

glxinfo -B | grep renderer

Likitokea jina la kadi yako ya grafiki, Intel kwa mfano, endelea (glx ni njia mojawapo ya kusubiri zamu ya skrini):

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/vblank_mode -t string -s glx --create
xfwm4 --replace &

Skrini itapepesa kidogo, madirisha yatabaki palepale. Cheza video yenye kamera inayozunguka upande kwa upande, kwa sababu mpasuko huonekana wazi zaidi hapo. Kama bado upo, weka xpresent, njia nyingine ya kusubiri zamu hiyo, mahali pa glx na urudie amri zote mbili. Lakini kama glxinfo imetaja llvmpipe, maana yake prosesa ndiyo inayobeba kazi ya grafiki. Glx itaielemea, jaribu xpresent, na ikibaki nzito, basi hapo kuzima ni halali kabisa.

Nakusihi utengeneze na njia ya mkato. Ingia Settings, Keyboard, Application Shortcuts, ongeza amri hii na uipe vitufe unavyopenda:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -T

Kila ukibonyeza, kompozita inazima au kuwaka. Mwanafunzi anayetaka kucheza gemu anaizima mwenyewe, akimaliza anairudisha, na hakuna anayegusa mipangilio mingine.

Kinachonifanya niitetee zaidi ni ukuzaji. Kompozita ikiwa hai na Zoom desktop with mouse wheel ikiwa na alama, shika Alt uzungushe gurudumu la mausi: skrini nzima inakua, ikifuata kishale. Nikifundisha fomula za jedwali kwa projekta, mtoto aliyekaa nyuma kabisa anasoma seli moja bila kusogea. Ukizima kompozita, hilo nalo linakufa. Kwa darasa la watoto ambao baadhi yao hawana miwani wanayoihitaji, mimi siwezi kulitoa sadaka.

Haya yote ni ya X11 tu, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Xfce 4.20 ya Desemba 2024 ilianza kukubali Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, kwa majaribio, ila xfwm4 haikuvuka; kule nafasi yake inashikwa na programu kama labwc. Ukiona hakuna badiliko lolote, toka, na kwenye skrini ya kuingilia hakikisha umechagua Xfce ya kawaida, isiyo ya Wayland.