Jinsi ya Kuunda na Kuendesha Roboti la Kutembea katika Space Engineers

Katika Space Engineers, mchezo wa kompyuta wa kujenga mashine kwa bloku, hakuna bloku iitwayo mguu. Anayetaka roboti litembee hana budi kuutengeneza mguu huo mwenyewe kwa bawaba, gia za kutua (bloku zinazojishikiza ardhini), jairoskopu (bloku zinazodhibiti mzunguko wa chombo) na vipima muda (bloku zinazotoa amri muda uliowekwa ukiisha), kisha avipange vyote vifanye kazi kwa zamu bila kugongana. Maroboti mengi huanguka kwa sababu mguu mmoja umeinuliwa kabla ule mwingine haujaishika ardhi sawasawa, na kwa hiyo karibu kila uamuzi utakaoufanya, tangu urefu wa paja hadi mpangilio wa vitufe, uupime kwanza kwa swali hili: wakati huu, uzito wote umebebwa na nini?

Maelezo haya yanahusu roboti la miguu miwili lililojengwa kwa gridi kubwa, yaani kipimo kikubwa cha bloku, ambayo bloku yake moja ina mita 2.5 kila upande. Jenga katika hali ya ubunifu (Creative), isiyokudai malighafi, na uhifadhi mchoro kwa Ctrl+B kila unapomaliza hatua, kwani kiungo kilichowekwa vibaya huweza kulivunjavunja roboti zima kwa sekunde moja.

Anza na kiwiliwili. Weka chumba cha rubani, betri na jairoskopu kadhaa, na vitu vizito uvipange chini, karibu na nyonga. Ukurasa wa taarifa katika paneli ya udhibiti una kisanduku cha kuonyesha kitovu cha uzito. Kiwashe, na usogeze bloku mpaka kitovu hicho kiwe katikati ya nyonga mbili, kisielemee mbele wala nyuma. Silaha na mapambo yasubiri hadi roboti liweze kutembea, maana kila tani unayoiongeza juu huongeza mzigo wa bawaba zilizo chini yake.

Kila mguu unahitaji bawaba tatu: ya nyonga, ya goti na ya kifundo cha mguu. Tuseme umbali kutoka mhimili wa nyonga hadi mhimili wa kifundo ni mita 10. Nyonga ikipewa vikomo vya nyuzi 20 mbele na nyuzi 20 nyuma, kila hatua itakisogeza kiwiliwili karibu mita 6.8, nacho kitapanda na kushuka kwa takriban mita 0.6. Ukiongeza nyuzi, hatua inarefuka, lakini mtikisiko nao unakua haraka; kwa roboti la kwanza nyuzi 20 zinatosha kabisa. Miguu isiachane sana, kwa sababu kadiri inavyokuwa mbali na mstari wa katikati ndivyo kiwiliwili kinavyoelemea upande kila mguu mmoja unapokuwa hewani. Wayo uwe mpana, wenye gia moja ya kutua mbele na nyingine kwenye kisigino.

Kifundo cha mguu ndicho huwasumbua wengi, ingawa hesabu yake ni fupi. Goti likiwa limenyooka, kifundo kinapaswa kugeuka nyuzi zilezile za nyonga kuelekea upande wa pili ili wayo ubaki sambamba na ardhi. Basi kipe vikomo vilevile na kasi ileile, kwa mwelekeo wa kinyume. Goti lipewe nafasi ya kujikunja kutoka nyuzi 0 hadi 40. Angalia pia kwamba bawaba zilizotazamana kama kwenye kioo, kushoto na kulia, huwa na alama za kasi zinazopingana. Jaribu kila moja peke yake, na uipe jina lake mara moja, kwa mfano «Nyonga Kushoto».

Kasi ya bawaba huhesabiwa kwa mizunguko kwa dakika, na mzunguko mmoja kwa dakika ni sawa na nyuzi 6 kwa sekunde. Nyonga inayosafiri nyuzi 40 kwa mizunguko 2 kwa dakika itachukua zaidi kidogo ya sekunde 3, hivyo kipima muda chake kipewe sekunde 4. Goti likienda kwa mizunguko 4, sekunde 2 zinalitosha.

Sasa panga mwendo wenyewe. Amri zote zilizomo ndani ya kipima muda kimoja hutekelezwa kwa pamoja, kwa hiyo unahitaji vipima muda sita vinavyoitana kwa duara, vitatu kwa kila mguu. Cha kwanza kinafungua gia za mguu wa kushoto na kulikunja goti lake. Cha pili kinageuza mwendo wa nyonga na vifundo vyote kwa pamoja: mguu wa kushoto unakwenda mbele, na wa kulia, ambao bado umeshikwa ardhini, unakisukuma kiwiliwili. Cha tatu kinalinyoosha goti. Cha nne kinaanza kwa kufunga gia za kushoto, ndipo kinafungua za kulia, na zamu inaendelea vivyo hivyo hadi cha kwanza, ambacho nacho kinafunga za kulia kabla ya kufungua za kushoto. Kwenye gia tumia amri mbili tofauti, ya kufunga na ya kufungua. Ile inayobadilisha hali iliyopo ni hatari, kwani ikikosea mara moja tu, kila hatua inayofuata itaachia mguu usiostahili. Kujishika kwa gia kunakojiendesha nako ukuzime. Miguu miwili ikiwa imeshikwa huku bawaba zinasukumana, ndipo mtetemo ule ambao wachezaji wanauita Clang unapoanza.

Kwenye upau wa rubani, kitufe cha 1 kianzishe duara, na cha 2 kizime kipima muda cha kwanza, ili mzunguko ufike mwisho wake na roboti lisimame likiwa na nyayo zote mbili chini. Kabla ya kuondoka tena, kiwashe kipima muda hicho. Usiguse P ukiwa unatembea, kwani hugusa pia gia za kutua.

Wakati wa kuendesha, kumbuka kwamba jairoskopu hupinga mzunguko tu, hairudishi kiwiliwili wima. Kikiinama kidogo kidogo kitabaki kimeinama mpaka ukirekebishe kwa kipanya, taratibu, wakati nyayo zote zipo chini. Kugeuka kufanyike mguu mmoja ukiwa umeachia, kwa nyuzi chache kila hatua. Kwenye mteremko punguza vikomo vya nyonga hadi nyuzi 10 au 12, na upande ukiutazama mlima moja kwa moja, kamwe usipite ubavuni. Majaribio ya mwanzo yafanyie mwezini, ambako mvutano ni 0.25 ya ule wa sayari iliyofanana na dunia: bawaba hubeba mzigo mdogo, na kosa la zamu huonekana polepole kiasi cha kukuwezesha kulizuia kabla roboti halijaanguka.