Kuunganisha data za mavuno kwa OWL bila kunaswa

Jedwali la Kenya limehesabu mahindi kwa gunia la kilo 90, la Tanzania kwa gunia la kilo 100. Ukiyabandika pamoja, magunia 20 ya huku na 20 ya kule yanaonekana sawa, kumbe yamepishana kilo 200. Hapo ndipo ontolojia inapofaa: maana ya kila safu inaandikwa mara moja kwa OWL, lugha ya kuandikia ontolojia, na kompyuta inaisoma.

Anza na karatasi. Andika maswali matano hadi kumi ambayo data itabidi iyajibu, mfano "shamba lipi lilitoa zaidi ya kilo 1,800 kwa ekari?" Nomino zake ndizo makundi yako: Shamba, Zao, Mkulima. Kisichoulizwa kiache nje.

Fungua Protégé, programu ya bure ya Stanford. Unda makundi, kisha kwenye Disjoint With tangaza kwamba hayaingiliani, yaani kitu kimoja hakiwi Shamba na Mkulima kwa pamoja. Wengi huiruka hatua hii. Tengeneza sifa mavunoKilo ya aina xsd:decimal (namba ya desimali). Magunia yageuze kuwa kilo kabla ya kuyaingiza, maana OWL haijui kuzidisha. Washa HermiT, kifaa kinachotoa hitimisho kutokana na ulichoandika, kwenye menyu ya Reasoner. Kundi likiwa jekundu, masharti yake yanagongana.

Sasa mtego wenyewe. Umeiweka zaoKuu kuwa Functional, yaani moja tu kwa kila shamba. Karani ameandika Shamba_14 lina mahindi, halafu maharage. Unangoja kosa, HermiT inahitimisha kuwa mahindi na maharage ni kitu kimoja! Kwa OWL, majina mawili si lazima yawe vitu viwili mpaka utangaze Different Individuals. Shamba lisilo na zao nalo linapita kimya, kwa kuwa kisichoandikwa huhesabiwa hakijajulikana bado. Na ukiweka Shamba kuwa Domain ya zaoKuu, yaani kundi la wenye sifa hiyo, mkulima aliyepewa zao kwa bahati mbaya anageuzwa shamba. Ile Disjoint uliyotaka kuiruka ndiyo itakayolalamika.

Kwa hiyo mapengo yakague kwa SHACL, lugha ya kukagua data, kiwango cha W3C (shirika la viwango vya Wavuti) tangu 2017. Katika faili kanuni.ttl, chini ya mistari ya @prefix inayotaja vifupisho vya majina, andika:

:KanuniShamba a sh:NodeShape ;
  sh:targetClass :Shamba ;
  sh:property [ sh:path :zaoKuu ;
    sh:minCount 1 ; sh:maxCount 1 ].

Kisha, data ikiwa kwenye data.ttl, endesha programu ya pySHACL:

pyshacl -s kanuni.ttl data.ttl

Ripoti itataja Shamba_14 kwa kuzidisha mazao, pamoja na kila shamba lenye pengo. Shamba ambalo hukuliandikia aina yake, :Shamba, halikaguliwi kabisa.