Kuijaribu Seva ya Barua Pepe kwa Amri za Mkono

Katika ofisi moja hapa Ngamiani, Tanga, barua pepe zilikataa kutoka asubuhi nzima, na sote tukailaumu intaneti ilhali kosa lilikuwa kwenye nenosiri. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa mipangilio ya programu, mimi huzungumza kwanza na seva yenyewe kupitia terminali (dirisha la kuandikia amri), kwa kutumia programu ya openssl; weka jina la seva yako badala ya mail.example.com:

openssl s_client -starttls smtp -crlf -connect mail.example.com:587

Muunganisho ukishatulia, andika EHLO (salamu ya kuanza mazungumzo na seva) na jina la kompyuta yako. Majibu yakiwa na mstari wenye maneno AUTH PLAIN, yaani seva inakubali kuingia kwa jina na nenosiri, fungua dirisha jingine uandae utambulisho wako, ukiweka jina na nenosiri lako halisi:

printf '\0%s\0%s' 'jina' 'nenosiri' | base64

Usitumie amri ya echo ya kawaida hapa badala ya printf, kwa kuwa huongeza mstari mpya mwishoni, na nenosiri lililo sahihi kabisa likakataliwa. Tafadhali usimtumie mtu yeyote maandishi yanayotokea, kwani base64 ni njia tu ya kuandika data kwa herufi za kawaida, si usimbaji wa siri, na kila mtu anaweza kuyafumbua.

Rudi kwenye seva uandike AUTH PLAIN, nafasi moja, kisha maandishi hayo. Jibu la 235 ni kukubaliwa. 535 ni kwamba jina au nenosiri limekataliwa.

Ukiendelea kujaribu kutuma, andika mail from (anwani ya mtumaji) na rcpt to (anwani ya mpokeaji) kwa herufi ndogo, kwa sababu mstari unaoanza na R kubwa openssl huuchukua kuwa amri yake yenyewe, hivyo haufiki kwenye seva. Maliza kwa quit.